Rula Inabaki Kabondo

Kisangani, au Stanleyville kama watu wa posta wanavyotaka
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Feza,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Uko nyumba ya tatu kutoka hapa, kwa shangazi yako, umekaa chini kati ya magoti yake unasukwa nywele, na kicheko chako nakisikia mpaka mezani kwangu. Hali yangu ni njema pia, ila dole gumba limejaa wino. Basi salamu zimekwisha.

Utashangaa kwa nini mtu anamwandikia barua binti ambaye jioni watakula sahani moja. Sababu ni kwamba nikianza maneno haya kwa mdomo, mama yako ataingilia kati, na atakuwa na haki. Tangu wiki iliyopita amekueleza habari ya chandarua, ya kwinini, ya sweta kwa ajili ya baridi ya milima ya Kivu, ya kutokula nyama ya barabarani lori likilala Bafwasende. Ameeleza mara tatu, na mara ya tatu hata mimi nilijikuta naitikia. Juu ya sweta sina la kuongeza. Barua hii nitakupa ikiwa imefungwa. Isome ukishapita Bafwasende, msitu ukiwa huku na huku na hakuna cha kutazama.

Nataka kuzungumza nawe juu ya kitabu. Unajua kipi. Uliposhuka kwenye lori Desemba iliyopita, siku chache kabla ya Noeli, umekonda mpaka mama yako akashika mdomo, neno lako la kwanza kwangu halikuwa la homa wala la safari. Ulifungua sanduku pale pale kando ya barabara, ukatoa kitabu nilichokuchorea, ukanipa kwa mikono miwili.

“Papa, niliharibisha kitabu yako.”

Mimi nikasema haidhuru. Miezi tisa mizima hiyo haidhuru imenikaa kooni, kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba kweli uliharibu, ila nimekusamehe. Hukuharibu kitu. Kesho unarudi kule kule, kwenye shule ile ile ya wakunga, na sitaki uondoke na haidhuru yangu sandukuni. Nataka safari hii ubaki mpaka umalize. Lakini kwanza nikueleze kilichotokea, maana kosa lilikuwa langu, na lilianza zamani.

Ulikuwa na miaka minane hivi. Mimi nilikuwa karani wa bohari bandarini, kama sasa, ila na nywele zaidi. Mwaka mpya ulipoingia, patron, mkubwa wetu wa bohari, akanipa ajenda, kitabu cha siku kilichotoka Ulaya: jalada jekundu, utepe wa kuwekea alama, kila siku na ukurasa wake, kila ukurasa na saa zake zimepangwa toka asubuhi hadi jioni. Nilikibeba nyumbani ndani ya shati ili vumbi lisikiguse. Nilikipenda, Feza. Nilikuwa nakifungua ninuse tu, kisha nakifunga.

Miaka ile serikali ilikuwa ikitoa kadi kwa Mwafrika aliyehesabiwa kuwa ameendelea, na watu walisema wakaguzi hufika hadi nyumbani kutazama unavyokula na unavyolala. Nikasema, kama ni utaratibu wanautaka, nitawaonyesha utaratibu. Nikachukua rula ya ofisini, nikachora chini ya kila ukurasa vijumba kumi na viwili. Kupiga kiwi viatu. Kusoma kurasa kumi za Kifaransa. Kunywa kwinini. Kutopaza sauti nyumbani. Na mengine ambayo sasa naona haya kuyataja. Nikifanya jambo, natia msalaba kwa penseli nyekundu. Jioni nikiona misalaba yote imejipanga, najiona mtu. Ukikosekana mmoja, mama yako alikuwa akijua kabla sijasema, kwa jinsi nilivyobamiza mlango. Lakini sauti sikupaza, kwa hiyo kijumba kile kilikuwa na msalaba wake daima.

Kitabu kile kilijua mengi. Kilijua mwezi utaandama lini, kilijua siku ya kila mtakatifu, na kwenye mwezi wa tatu kiliandika siku hasa ambayo majira ya kuchipua yanaanza. Nikaenda kumwambia Koko wako asipande karanga mpaka tufike ukurasa huo. Mama yangu akatazama mawingu, akanitazama mimi, akaendelea kupanda. Mimi kipande changu nyuma ya nyumba nikakiacha kingojee kitabu. Mvua haikungoja. Mwaka ule tulikula karanga za Koko, na wewe ulipouliza za Papa ziko wapi, mama yako akakujibu kwamba bado ziko kwenye kitabu.

Pale ningezinduka. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na mtu mwenye mvua nyingine. Lakini mtu akishapenda vijumba haambiliki, na mimi sikuambilika.

Kijumba cha kumi na mbili kilikuwa cha Alhamisi peke yake: kumwona Mama. Unajua anapokaa, kule kwenye maporomoko, watu wetu wanapotundika vikapu vya kutegea samaki kwenye nguzo katikati ya maji. Kutoka bandarini mpaka kwake ni mwendo, kurudi kwetu Kabondo ni mwendo mwingine, na nyumbani kurasa kumi za Kifaransa zinangoja. Nikavumbua njia. Nilikuwa nafika mbele ya nyumba yake kwa baiskeli, kinga kama yeye anavyoiita, naegemeza mguu mmoja kwenye lile jiwe la mlangoni, mguu wa pili unabaki kwenye pedali. Napiga kengele. Anatoka na moshi wa samaki kwenye nguo. Mama, jambo, uko muzima? Sisi wazima. Bon, niende. Anasema lituma ya ndizi imeshatwangwa, ngoja nikupakulie. Nasema Alhamisi ijayo. Kabla sijafika kwenye kona nimeshatia msalaba, maana penseli nilikuwa nimeifunga shingoni kwa kamba.

Mwaka ukaisha. Nikapitia Alhamisi zangu moja moja: iliyokosa msalaba ilikuwa moja tu, nilipokuwa kitandani na homa, na hata hiyo niliilipa kwa kupita mara mbili wiki iliyofuata. Siku ya mwaka mpya nikafunga tai, nikachukua kitabu, nikaenda kumwonyesha Mama mwanawe alivyo. Siku hiyo nilishuka, kwa sababu huwezi kumfunulia mtu kurasa ukiwa juu ya baiskeli. Hapa nilikuja, Mama, na hapa, na hapa. Hajui kusoma, lakini misalaba aliiona. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la nguo. Kisha akanishika mkono, akaniingiza jikoni anapokaushia samaki. Kwenye ukuta wa udongo, kando ya mlango, kulikuwa na mistari ya makaa. Ilikuwa minne.

Nikamuuliza ni nini. Akaweka kidole juu ya mmoja mmoja. Huu, siku mvua iliponipiga nikakimbilia ndani. Huu, siku tairi lilipotoboka. Huu, siku ya matanga ya jirani. Wa nne akaufuata kwa kidole toka juu hadi chini, akasema siku ile nilishuka bila sababu yoyote, nikakaa, nikala liboke mbili za samaki wa kufungwa majanini, nikalala kwenye mkeka mpaka jua likapoa. Akasema huo ndio anaoupenda.

“Kitabu yako inahesabu kinga,” akaniambia. “Ukuta yangu inahesabu mutoto.”

Nilitaka kukasirika. Sikuweza, kwa sababu hakusema kwa uchungu, alikuwa bado anacheka, na sufuria lilikuwa motoni. Nikavua tai. Nikakaa, nikala. Akachukua kaa, akachora wa tano mbele ya macho yangu, mrefu kuliko mingine.

Sasa, hapa ndipo watu wengi wangetupa kitabu mtoni, wakasema mambo ya kujipangia siku ni ya Wazungu, wakarudi kuishi ovyo. Mimi sikukitupa. Napenda kitabu cha siku, mwanangu, nakipenda mpaka leo, niliumbwa karani na sina dawa. Nilichofanya ni kukipunguza, kama fundi anavyopunguza koti la kupewa lililoshonewa mabega ya mtu mwingine. Vijumba vinane nilivifuta siku ile ile. Viatu nilikuwa napiga kiwi hata bila msalaba, sasa msalaba wa nini? Wiki nayo niliihamisha. Kitabu kilisema inaanza Jumatatu; yangu ikaanza Alhamisi, kwa Mama, na hadi leo nikiwa na jambo zito silipangi kabla sijala kwake.

Na pale kwenye kijumba chake nikaacha misalaba, nikaanza kuandika alichopika. Alhamisi: pondu, majani ya muhogo, na samaki wadogo. Alhamisi: ndizi za makemba, mbuzi wa jirani ameingia jikoni na kutoka na mwiko. Msalaba unaweza kuutia ukiwa mbioni. Habari ya mbuzi huwezi kuijua bila kushuka.

Jambo jingine nililitoa kwa baba yangu, ambaye hukumkuta. Asubuhi na jioni alikuwa akitembea juu ya nguzo zile kukagua vikapu vyake, maji yanavuma chini ya nyayo. Lakini maji yakijaa kupita kiasi, wavuvi huviondoa vikapu, hukaa nchi kavu wakisuka kamba, na hakuna anayemwita mwenzake mvivu. Na maji yakipungua, hakuna anayeweka vikapu viwili mahali pa kimoja ili amkamate samaki wa jana. Samaki wa jana amekwisha pita, sasa hivi anaelekea Léopoldville. Basi siku niliyoshindwa, kwa homa, kwa kazi, au kwa uvivu wa kawaida tu, nikaanza kuandika maneno mawili: maji makubwa. Kesho yake naanza na ya kesho yake. Ukurasa wenye nafasi tupu ukaacha kunitisha, na mlango wa nyumba yetu ukapata kupumzika.

Kadi sikuipata, kwa taarifa yako. Mkaguzi hakufika hata kugonga.

Utauliza: Papa, kama ulijua yote haya, mbona mimi ulinichorea vijumba kumi na vinne? Ni swali la haki. Nimejiuliza nikinywa chai, nimejiuliza nikiendesha baiskeli. Jibu ni kwamba niliogopa. Barua ya shule ilipofika kusema umekubaliwa, tulicheza uani mpaka majirani wakaja na viti vyao. Kesho yake woga ukaniingia. Binti yangu, wa kwanza wa mtaa huu kwenda kusoma mbali namna ile, na mimi sitakuwepo kumwamsha. Woga ndio ulioshika rula. Nikachora kuamka, sala, kucha, somo la mwili wa binadamu, maneno kumi ya Kifaransa, barua ya nyumbani, mpaka kumi na nne, miezi sita mfululizo, na kila mstari ulionyooka ulinituliza mimi. Ilikuwa dawa yangu, na nikakupa wewe uinywe.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwako vipande vipande. Wiki tano ulijaza vyote. Kisha homa ya siku nne, na wewe, binti yangu kabisa, ukaamua kuzilipa siku nne zile. Maneno arobaini juu ya kumi ya siku yenyewe. Ukawa unasoma chini ya taa ya ukumbini wenzako wakiwa wamelala, ukawa unasinzia darasani, mpaka ukaanguka wodini ukiwa umeshika beseni la maji. Hakuna aliyekufukuza. Masista walikuomba upumzike ubaki. Ni wewe uliyesema hufai, kwa sababu kitabu kilisema hufai, na kitabu kilikuwa na mwandiko wangu. Kuteleza si kuanguka, tunasema kila siku, lakini mimi nilikuwa nimekuchorea kurasa ambazo hazina nafasi ya kuteleza. Nisamehe, Feza. Hilo ndilo neno nililopaswa kukujibu barabarani siku ile.

Sasa njoo kwenye sehemu ninayoipenda.

Tulikupeleka kwa Koko upate nguvu. Hukutaka kuona daftari wala kalamu. Mwezi mzima ulikausha samaki tu, na mashavu yakaanza kurudi. Halafu Alhamisi moja nimeshuka, nimekaa, nangoja chakula, nikaona uzi mweusi wa kusukia nywele umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, una mafundo toka juu hadi katikati. Nilidhani ni dawa ya Koko ya mgongo. Nikauliza. Uliona haya kidogo, kisha ukanieleza kwamba kila jioni, mkigeuza samaki juu ya moshi, unamsimulia Koko somo moja unalolikumbuka kutoka shuleni.

“Koko akisikia muzuri, ninafunga fundo,” ulisema. “Kama hasikie, ninaanza tena kesho.”

Nilitoka nje nikajifanya natazama baiskeli, ili usione uso wangu. Hukuwa umehesabu kurasa. Hukuwa na kijumba hata kimoja. Na mkaguzi uliyempata! Koko amezaa watoto saba kwenye nyumba ile ile, halafu mjukuu wake amweleze mtoto anavyogeuka tumboni? Alibisha kila kitu. Alibisha sabuni, alibisha kitanda. Siku ulipomwambia kwamba mkunga hutazama saa, huandika kila uchungu umechukua muda gani, aliweka samaki chini kabisa.

“Nilizala batoto saba,” akasema. “Hakuna mumoja aliuliza saa.”

Ikabidi umweleze tena kwa nini saa inaweza kumwokoa mama au mtoto. Siku tatu hukufunga fundo. Hukulipa pia; ulianza tu upya kila jioni, na kila jioni ulieleza vizuri zaidi kuliko jana. Siku ya nne ilikuwa Alhamisi na nilikuwepo. Koko alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema labda yule wake wa tatu, ambaye hakulia, kama pangekuwa na mtu wa kutazama saa. Ulimshika bega. Fundo lile ulilifunga polepole sana.

Uzi wa kwanza ukajaa, ukaanza wa pili. Na mwezi wa saba, ulipokwenda kwa daktari hapa mjini kufanya mtihani wa kurudishwa shuleni, sisi tukingoja kwenye baraza, ulitoka unacheka. Ulisema kila swali alilouliza daktari, Koko alishaliuliza kwa ukali zaidi. Mama yako alikuinua juu kama mtoto, na wewe umemzidi kimo. Sijafurahi namna ile tangu siku ya arusi yangu, na hata siku ya arusi viatu vilikuwa vinanibana.

Kwa hiyo utaratibu unao. Umeutengeneza mwenyewe kwa uzi wa nywele na kikongwe mbishi, na unakukaa vizuri. Shule itakupa daftari lake la kazi za wodini. Lile lijaze kama wanavyotaka, kwa saa na dakika, maana ni la wagonjwa. La kwako mwenyewe usikubali mtu akuchoree, hata akiwa baba yako. Koko hutaweza kumbeba, ingawa ameuliza kama lori lina nafasi. Mtafute huko mtu mwingine mbishi umweleze masomo yako. Mungu ameweka mmoja kila mahali.

Na ikifika siku uzi haukufai tena, acha uzi. Mimi kitabu changu nimekibadilisha zaidi ya mara moja. Mwaka juzi niliacha kuandika alichopika Mama, kwa sababu niligundua nimeanza kufikiria nitakachoandika badala ya kumsikiliza anayepika. Siku hizi Alhamisi naacha nafasi wazi, na nikirudi naandika neno lake moja, lile lililonichekesha. Labda mwakani nitabadilisha tena. Mazoea yana taabu, hata mazoea mazuri.

Sandukuni, chini ya sweta, utakuta daftari jipya. Lina kurasa tupu. Nililinunua mwezi wa sita, hata kabla ya mtihani, na hujui mkono wangu ulivyowasha. Mara mbili nililiweka mezani na rula pembeni yake. Mara ya pili mama yako aliichukua ile rula, akaenda kupimia kitambaa cha gauni lako la safari, na hakuirudisha. Sikuchora hata mstari mmoja. Rula inabaki hapa Kabondo. Ukitaka mstari, uchore kwa mkono, na ukipinda, upinde. Ukiona daftari halikufai kabisa, fungia karanga. Uzi mweusi mama yako ameweka mabunda mawili.

Limebaki jambo moja, na ndilo hasa lililonikalisha kwenye kiti mchana huu wakati ningekuwa natembea na wewe.

Ulipoondoka Septemba iliyopita, mama yako alikuagia nyumbani kwa sababu mdogo wako alikuwa mgonjwa mgongoni kwake. Nilikupeleka mimi, sanduku nyuma ya baiskeli, wewe unatembea kando. Lori lilikuwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi. Ilipofika saa moja kasoro robo bado walikuwa wanapakia magunia. Na ukurasa wangu ulisema saa moja, ofisini. Nilikuwa nimekaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Nikasema bon, Feza, uende muzuri. Nikageuka. Jioni, kwenye ukurasa wa siku ile, ambao kwa ajili ya safari yako nilikuwa nimerudia kuuchora vijumba, nikatia msalaba: kumsindikiza Feza.

Dereva aliyekurudisha Desemba ndiye aliyeniambia. Lori liliondoka karibu na adhuhuri. Saa zote hizo ulikaa peke yako juu ya sanduku, ukisoma kitabu nilichokuchorea, ili usikosee kitu. Hukuniambia neno, wakati ule wala baadaye. Msalaba ule uko mbele yangu sasa, mwekundu. Sitaufuta. Nataka ukae pale uninyooshee kidole.

Kesho ni Jumatatu. Nimeomba ruhusa ya siku nzima. Patron akauliza kwa nini siku nzima kwa kumuaga mtu tu, lori si linaondoka alfajiri? Nikamwambia lori halina ajenda. Akacheka, akatia sahihi. Mama yako amekwisha funga liboke za kututosha wote hata likichelewa mpaka jioni, na mimi, Mungu anisamehe, naomba lichelewe. Koko anakuja pia. Amesema waziwazi kwamba haji kukuaga wewe, wewe ni mtu wa kurudi na cheti. Anakuja kunitazama mimi. Amefunga kipande cha kaa kwenye pindo la nguo yake.

Ukifika kwenye mstari huu utakuwa umepita Bafwasende, na utakuwa unajua kama nilishuka, nikakaa, nikala. Mimi najua tangu sasa. Nisichokijua ni Koko atachora wapi, kwa sababu pale lori linapopakia hakuna ukuta. Akichora kwenye sanduku lako, usifute.

Ni mimi, ambaye sasa hivi naweka kalamu chini nije nikuone nywele,

Papa yako